Walioshuka Same Kuuliza

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walishuka kutoka milimani wakaenda kukaa Same. Nasema kukaa kwa maana yake ya kawaida kabisa. Walifika makao makuu ya wilaya, wakaketi, wakasema hawarudi makwao mpaka kodi mpya iondolewe. Anayeijua Same atakubali kwamba huko ni kujitesa. Mji uko chini, upande wa milima usiopata mvua ya kutosha, una jua na upepo wenye vumbi, na mtu aliyezoea ukungu wa Chome au Mbaga hawezi kupaita mahali pa kupumzikia. Walikaa hivyohivyo. Siku zikawa majuma. Chakula kilitoka nyumbani, kwa wanawake, ambao nao baadaye walichoka kupika tu wakaingia katika ugomvi wenyewe kwa namna ambayo nitaieleza.

Kodi iliyowashusha inakumbukwa kwa jina la mbiru. Isaria Kimambo, mwana wa Upare na mmoja wa Watanzania wa kwanza kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kijitabu juu yake mwaka 1971. Mimi si mwanafunzi wa historia. Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa miradi ya TEHAMA, na kijitabu hicho nilikifikia kwa njia ya panya. Tuna somo moja linalohusu uongozi na ukuaji wa timu za teknolojia, na karibu kila mfano tunaopewa umetoka Marekani: IBM ya miaka ya 1960, kampuni za California, wale wahandisi 17 waliokutana milimani Utah mwaka 2001 wakaandika ilani yao ya kutengeneza programu kwa wepesi. Mifano mizuri. Lakini wazazi wangu wametoka Upare, na nilitaka kujua kama kuna mahali nyumbani ambapo watu waliletewa mfumo wa taarifa kutoka juu, mfumo ukaanguka, na mtu akaandika kwa nini. Niliyemuuliza akaniambia nisome mbiru. Nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Hebu tuitazame kodi hiyo kama mtu wa mifumo angeitazama.

Kabla yake kodi ilikuwa ya kiwango kimoja. Kila mwanamume mtu mzima alilipa kiasi kilekile, mwenye ng'ombe ishirini na asiye na kuku. Kuendesha mfumo wa namna hiyo ni rahisi kwa sababu unahitaji taarifa moja tu juu ya mtu: yupo au hayupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Mamlaka ya Wenyeji, yaani wafumwa wa milima wakiwa na maofisa wa Kiingereza nyuma yao, ilileta kodi ya ngazi. Kila mtu akadiriwe kwa mali yake, mwenye kingi alipe kingi. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko iliyotangulia, na ningekuwa darasa la uchumi ningeiunga mkono bila kusita. Jambo hili linanisumbua mpaka leo, na sitaki kulipitia haraka. Watu waliokwenda kukaa juani walikuwa wanapinga wazo ambalo sisi wasomi tungeliita zuri.

Jiweke basi mahali pa mkadiriaji. Umepewa daftari na kazi ya kuandika mali ya kila mwanamume. Unafika kwenye boma unakuta ng'ombe wanne. Ni wa nani? Katika milima hii, kama Uchagani, mtu anaweza kumweka ng'ombe wake kwa jamaa au rafiki, huyo akamlisha, akanywa maziwa na kutumia mbolea, na mwenye ng'ombe akaishi mbali kabisa. Shamba nalo halikai mahali pamoja. Mtu ana migomba na kahawa juu, ana kipande cha mahindi katikati ya mteremko, pengine ana kingine tambarare. Baadhi ya ardhi ni ya ukoo, naye anaitumia tu. Mwanawe anafanya kazi kwenye mkonge Tanga na huleta fedha anapoweza. Katika daftari lako kuna safu moja ya jina na safu moja ya mali. Hata ungekuwa malaika, utaandika uongo. Na mkadiriaji hakuwa malaika. Alikuwa mtu mwenye ndugu na mahasimu, na mfumwa wake alilipwa mshahara na serikali.

Hilo la mshahara lina uzito. Utawala wa kupitia wenyeji, ambao Gavana Donald Cameron aliueneza Tanganyika katika miaka ya 1920, ulimchukua mtawala wa jadi ukamfanya mwajiriwa. Zamani mfumwa alikuwa na baraza la wazee wa koo, na kazi yake haikuenda wasipomkubali. Chini ya Waingereza cheo kilibaki na jina lake, nguo yake na heshima yake, lakini aliyeweza kumwondoa sasa alikuwa ofisini Same. Taarifa zikawa zinapanda ngazi kuelekea kwa Bwana Shauri, na amri zinashuka kwa ngazi hiyohiyo. Hakukuwa na njia ya tatu ambayo mtu wa Mamba angeweza kupitia kusema: hesabu mliyoandika juu yangu si kweli, na hata njia mliyotumia kuipata siikubali.

Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, alichapisha katika jarida la Datamation makala ambayo bado tunaisoma. Hoja yake ni kwamba taasisi yoyote inayobuni mfumo itatoa mfumo unaofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Kama idara mbili haziongei, programu zao nazo hazitaongea. Huwa tunaifundisha kama kanuni ya uhandisi. Mimi naona imesema mengi kuliko hayo juu ya Upare wa 1943. Serikali iliyokuwa haisikii kutoka chini ilibuni kodi isiyoweza kusikia kutoka chini, na hata nia njema ya kuwatoza matajiri zaidi haikuweza kuipa masikio.

Watu wakaamua kuwa njia ya tatu wao wenyewe. Walishuka.

Wanaume walipokuwa Same, nyumbani mambo hayakusimama. Mashamba yalitaka jembe, watoto walitaka kula, mifereji ilitaka kusafishwa, na kule chini nako palihitajika chakula kila siku. Mtafiti Mmarekani Jean O'Barr, aliyeandika juu ya wanawake wa Upare katika miaka ya 1970, anaeleza jinsi wanawake wa upande wa Usangi walivyomkabili ofisa wa wilaya. Ujumbe wao, kwa maneno yangu, ulikuwa huu: ama umalize shauri hili waume zetu warudi, ama utupe wewe mimba, maana kwa hali hii milima itakosa watoto. Wasomi hupenda kuusimulia mkasa huo kwa kicheko. Kwangu ni hoja ya kiuendeshaji iliyonyooka kuliko zote zilizotolewa katika ugomvi ule. Serikali ilikuwa imehesabu fedha ambazo kodi ingeingiza. Wanawake walimwekea mezani gharama ambayo hakuna safu ya daftari iliyoipokea.

Malalamiko yalipanda hadi ngazi zilizo juu ya Same, na kufikia 1947 kodi ya ngazi ilikuwa imeachwa. Wakati huohuo, mwaka 1946, ulianzishwa Umoja wa Wapare, chama kilichotaka watu wapate sauti katika uendeshaji wa wilaya yao. Waliokwenda kuuliza juu ya shilingi walirudi wakiuliza juu ya nani anaamua. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, nami nakiri kwamba hakuna kitabu cha uongozi wa timu nilichopewa darasani kinachokieleza vizuri zaidi.

Sasa kuna kitu ambacho wakati wote huo kilikuwa juu ya milima, kikifanya kazi.

Upareni maji ya mto mdogo hayatoshi kumwagilia moja kwa moja. Mfereji mwembamba ukifunguliwa mchana, maji hunywewa na udongo kabla hayajafika shamba la mwisho. Wazee wakatengeneza ndiva, bwawa dogo la kukusanya maji. Jioni ndiva hufungwa, usiku kucha maji huingia polepole, asubuhi hufunguliwa yakatoka kwa nguvu na kufika mbali. Ndiva ya Manoo, huko Bangalala katika wilaya ya Same, hubeba takriban mita za ujazo 1,600. Ukiiona bila kuelezwa utadhani ni dimbwi. Lakini dimbwi hilo lina ratiba ya zamu, lina kamati, lina faini, na lina msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila mwenye kutumia maji hutakiwa kufika na jembe lake kuondoa tope na kuziba palipovuja. Usipofika, unatozwa. Ukikaidi, zamu yako iko mashakani.

Bangalala iko chini ya Vudee. Maji yale yale huanza kwa watu wa Vudee, nao wana mashamba yao. Kati yao kuna mapatano ambayo watafiti wa maji wameyaandika: wa juu watumie mchana, usiku waache yashuke yajaze ndiva za wa chini. Mtu asiye mhandisi anaweza asione uzuri wake. Hakuna aliyepima kiasi cha maji kwa lita. Walichagua kipimo ambacho kila mtu anaweza kukikagua bila kifaa, yaani jua. Likizama na maji hayajashuka, wa Bangalala anajua ameibiwa, na anajua ni usiku gani, na anajua mlango wa kugonga. Ukitaka kujua maana ya mfumo unaokaguliwa na watumiaji wake, ndio huo.

Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mambo ya aina hii, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa muda mrefu bila kuikabidhi kwa serikali wala kuiuza, mradi masharti fulani yatimie. Waliofungwa na kanuni wawe na nafasi ya kuzibadili. Wakaguzi wawajibike kwa watumiaji au wawe watumiaji wenyewe. Adhabu ianze ndogo. Ugomvi uwe na mahali pa karibu pa kusuluhishwa. Mwaka 2007 yeye na Charlotte Hess walihariri kitabu kilichopeleka fikra hizo kwenye maarifa na taarifa, na leo wanaoendesha miradi ya programu huria wanamnukuu kama sisi tunavyomnukuu Conway.

Lakini nisiifanye ndiva kuwa peponi. Kuna desturi ndani yake ambazo nisingetaka kuishi chini yake. Kwa muda mrefu koo zilizochimba ndiva zilijipa nafasi ya mbele kwenye zamu, na wageni walingoja. Mwanamke aliweza kulima shamba msimu mzima na bado asiruhusiwe kukaribia chanzo cha maji kwa sababu za miiko. Baada ya uhuru, vijiji vilipoundwa upya na kamati kuchukua kazi ya koo, baadhi ya hayo yalilegea, na baadhi ya utunzaji nao ukalegea. Shangazi yangu mmoja husema kamati ina mhuri lakini ukoo ulikuwa na aibu, na aibu huzibua mfereji haraka kuliko mhuri. Huwa tunabishana naye. Ukoo ulikuwa na aibu, ndiyo, ila aibu hiyo ilimpata yeye zaidi ya kaka zake.

Kinachonivuta kwenye ndiva ni jambo dogo zaidi. Anayefungua maji asubuhi ana shamba chini ya mfereji huohuo. Akikosea zamu, anaulizwa jioni na mtu atakayekutana naye tena kesho. Uongozi wake una gharama kwake. Mkadiriaji wa mbiru alikosea kwa gharama ya mwingine.

Nikiwa nimebeba ulinganisho huo nilirudi kwenye historia ya kompyuta nchini mwetu, nikakuta inasomeka tofauti na nilivyoifahamu.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kiingereza ya International Computers and Tabulators. Kwa miaka kadhaa ilifuatwa na nyingine chache ambazo ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Hazina ikaamua kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta. Kazi ilishikwa zaidi na wataalamu wa nje, na makarani waliokuwa wakizijua hesabu zile kwa kalamu hawakuandaliwa vya kutosha kuzimiliki katika umbo jipya. Mambo yakavurugika kiasi kwamba ilibidi warudi kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na vifaa vingine vya elektroniki, televisheni zikiwemo. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980.

Watu wa rika langu hulitaja tukio hilo kama ushahidi wa ujinga wa zama za Ujamaa. Ona, walikataza kompyuta! Mimi nadhani walioamua walikuwa wameona kitu cha kweli wakakipa dawa isiyo yake. Waliona kwamba mashine ilikuwa imechukua uwezo wa kuhesabu fedha za umma kutoka mikononi mwa watu waliowajibika kwa nchi, ikaupeleka kwa watu ambao mkataba ungeisha nao wangepanda ndege. Swali hilo lilistahili kuulizwa. Jibu likawa kufunga mlango kwa wote, na makarani, ambao ndio wangeweza kusema ni wapi hesabu zilianza kupinda, hawakuwa na kikao cha kulisemea mwaka 1965 wala mwaka 1974.

Katika miaka hiyohiyo, Norwei, mambo yalichukua njia nyingine, na nakuomba msomaji univumilie safari hii ndefu kwa sababu itaturudisha Same. Kristen Nygaard alikuwa mwanahesabu ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl walibuni lugha ya programu ya Simula, babu wa lugha nyingi tunazoandikia leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani, na wafanyakazi walikuwa na wasiwasi kama ule wa Hazina. Nygaard na wenzake hawakuwaambia wazikubali wala wazikatae. Waliwasaidia kujifunza kiasi cha kutosha ili waweze kujadiliana na waajiri wakijua wanachosema. Mwaka 1975 ukasainiwa mkataba wa kitaifa uliowapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kushirikishwa mifumo mipya inapoletwa. Sisi marufuku 1974, wao mkataba 1975. Chama cha wafanyakazi wa Norwei kilikuwa na fedha na nchi yenye viwanda, kwa hiyo simlinganishi mtu na mwenzake ili nimshushe. Nataka tu ionekane kwamba kati ya kupokea kila kitu na kufunga mlango kulikuwa na njia ya tatu, na kuna watu waliipita.

Wanafunzi wa mapokeo hayo ya Oslo walikwenda Cape Town baada ya uchaguzi wa 1994, wakashirikiana na wanaharakati wa afya wa Afrika Kusini kutengeneza programu ya taarifa za wilaya, DHIS. Toleo lake la pili, DHIS2, ndilo linalobeba takwimu za afya za Tanzania na Kenya na nchi nyingine nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu walioshughulika nayo kwa miaka mingi, wakaifanya ikubali mahitaji ya hapa. Kwa upande wetu ilikuta MTUHA tayari, ule mfumo wa vitabu na fomu ambao zahanati zetu zimekuwa zikiutumia tangu miaka ya 1990.

Basi nenda kwenye zahanati ya mlimani wilaya ya Same. Muuguzi anapima mtoto uzito, anaandika kwenye rejesta. Anampokea mjamzito, anaandika kwenye rejesta nyingine. Mwisho wa mwezi, baada ya wagonjwa kuondoka, anakaa na kikokotoo kujumlisha mistari, anajaza fomu ya muhtasari. Fomu inashuka Same. Huko inaingizwa kwenye kompyuta, na kutoka hapo namba yake inaweza kuonekana Dodoma na hata Geneva kabla ya mwezi kwisha. Ni kazi ya kustaajabisha na siidharau. Ila nikiwa mwanafunzi wa mbiru siwezi kuacha kuangalia upande mmoja wa barabara. Zinazoshuka ni nyingi. Zinazopanda ni chache. Programu yenyewe ina uwezo wa kumwonyesha muuguzi grafu ya zahanati yake na kumlinganisha na jirani. Kama grafu hiyo inamfikia ni suala la nani ana kompyuta, nani ana bando, nani ameambiwa kwamba ana haki ya kuitazama, na nani kwenye kikao cha wilaya atasimama kusema kwamba safu fulani ya fomu haina maana mahali ambapo watu hushuka tambarare msimu wa kilimo.

Hayo yote ni mambo ya uongozi. Hakuna hata moja ambalo msimbo utalimaliza.

Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Timu ilikuwa ya vijana hodari. Kila asubuhi tulisimama duara dakika kumi na tano, kila mmoja akasema jana alifanya nini na leo atafanya nini. Kilichokuwa hakisemwi katika duara ni kwamba tarehe ya kukabidhi haiwezekani. Kila mtu alijua. Dada mmoja aliyekuwa akipima programu alilisema mara moja, kwa upole, na meneja akamshukuru kwa kuwa na mawazo hasi. Hakuna aliyelirudia. Tarehe ilifika, mfumo ukawashwa kwa sherehe, na kwa majuma mengi watumiaji waliendelea kuweka daftari pembeni ya kompyuta. Tulikuwa na vikao kila siku na bado hatukuwa na mahali pa kusema hapana. Fred Brooks, aliyeongoza kazi ya programu endeshi ya OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo, akaipigia mstari, akaibandika ukutani, halafu akamnyamazisha dada wa kupima programu.

Kimambo alipokusanya masimulizi ya Upare kwa ajili ya kitabu chake cha historia ya siasa, kilichotoka mwaka 1969, alifanya kazi ambayo mkadiriaji wa 1943 hakuifanya. Alipanda kwa wazee, akawauliza wao wanayapangaje mambo, koo zao zina uhusiano gani, nani alimkubali nani na kwa nini. Alikuja na maswali yake lakini akaacha majibu yayabadilishe. Naamini alikuwa anafanya uchambuzi wa mahitaji, ingawa angenicheka kwa kuuita hivyo.

Mimi nimeandika pendekezo la utafiti juu ya zahanati za Same na fomu zao. Lina maswali matatu. La kwanza, baada ya namba kushuka, nani anaweza kuisahihisha? La pili, nini kinarudi kwa aliyeiandika, na baada ya muda gani? La tatu, ni nani anayeweza kukataa kukusanya taarifa asiyoiona na maana, na akikataa anapatwa na nini? Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema, amenishauri niliondoe hilo la tatu kwa sababu halipimiki na linaweza kuwatia watumishi wasiwasi. La wasiwasi nimelikubali. La kutopimika nimemjibu kwamba mwaka 1945 lilipimwa kwa majuma ambayo watu walikaa juani. Alicheka, akasema hiyo si mbinu ya utafiti. Tumekubaliana nilijaribu kwanza katika zahanati mbili, moja juu na moja tambarare, nikiwauliza wauguzi wenyewe wangependa liulizweje.